Mchezo Ulikuwa wa Kweli

Filamu ilionyeshwa kijijini Kigongo Jumapili moja baada ya ibada, kwenye banda la video lililo nyuma ya mashine ya kusaga, na kabla wiki haijaisha hakuna mtu aliyenunua tena samaki wa bibi yule. Asubuhi alitoka na beseni lake la sato wa kukaanga, akaketi kando ya barabara pale alipozoea, na jioni akarudi nalo likiwa zito vilevile. Wanawake waliokuwa wakimpa shikamoo wakiwa bado mbali walianza kupita upande wa pili. Hakuna aliyemwambia neno. Huku kwetu mtu akishaanza kuogopwa hasemeshwi, anapishwa.

Baba yangu mdogo ndiye aliyeifanya filamu ile iaminike. Hakushika kamera wala hakuandika mazungumzo. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba kila kilichohusu besiboli ndani yake kiko sahihi, na kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Ni mwalimu wa hisabati Nyakato, kwenye shule ya sekondari ambayo upepo ukigeuka madarasa yote yananuka viwanda. Alipokuwa chuoni, kijana mmoja wa Kijapani aliyekuja kujitolea alimfundisha mchezo ambao Mwanza nzima wanaoujua labda hawajazi basi. Mrushaji anatupa mpira mdogo mgumu, mpigaji anausubiri na rungu, akiupata anakimbia kuzunguka vituo vinne hadi arudi alipoanzia. Majirani walimtania kwamba huo ni mpira wa watu wavivu, maana muda mwingi wote wamesimama. Aliwajibu kwamba kusubiri ndio mchezo wenyewe. Alianzisha timu shuleni, akashona glovu zilizochanika kwa nyuzi za nyavu, akachora uwanja kwa chokaa juu ya uwanja wa mpira wa miguu, na kila mara wenye uwanja wao waliporudi walimfutia.

Mechi zilikuwa chache, kwa hiyo alijaza nafasi kwa filamu. Yule jamaa wa sokoni anayejaza filamu kwenye flashi alimtafutia zote zilizohusu besiboli, na mchana wa Jumapili nilikuwa natoka Pasiansi kwenda kuzitazama sebuleni kwake. Kuzitazama ni neno kubwa. Rimoti ilikuwa mkononi mwake na filamu ya saa mbili tuliimaliza jua likizama, kwa sababu kila alipoona kosa alisimamisha. Mrushaji alitanguliza kiwiko kama mtu anayemfukuza kuku kwenye mpunga. Mpigaji aliongea mno. Glovu zilikuwa mpya mechi ya kwanza na mpya mechi ya mwisho. Mpira wa mwisho ulikwenda mbali siku zote, ukapaa polepole na muziki nyuma yake, wakati yeye alishaona mechi nzuri sana zikiisha kwa mtu kusimama tu na mpira kumpita.

Mama mdogo alikuwa akipita na sufuria, anacheka. Siku moja alimwambia, "Wewe ungepeleka posa ungerudisha bibi harusi kwa ajili ya kiwiko."

"Anayekudanganya kwenye kiwiko," alijibu baba mdogo bila kugeuka, "atakudanganya na kwenye kilio."

Ndio kwanza nilikuwa naanza kuandika hadithi, na sentensi hiyo niliibeba kama hirizi. Niliamini kwamba ukipatia kitasa cha mlango, ukipatia jina la samaki na saa anayovuliwa, basi na machozi yatakuwa ya kweli. Naamini bado, kwa kiasi. Ila siku zile si yeye wala mimi aliyejiuliza kinyume chake: anayesema kweli kwenye kiwiko anaweza kutufanya tuamini nini?

Mpigaji bora wa timu yake alikuwa kijana wa kidato cha nne, yatima, aliyelelewa Kigongo na mama wa mama yake. Wakati huo vivuko vilikuwa bado vinafanya kazi, daraja likiwa nguzo tu majini, na bibi aliwauzia abiria sato na chai wakati wakingoja zamu ya kuvuka kwenda Busisi. Kwa samaki hao alimsomesha. Kijana alikaa bweni Nyakato na alikuwa na kasoro moja: viganja vyake vilitoa jasho. Rungu la shule lilikuwa la alumini, raba ya mpini wake imeshalika, na kila alipopiga lilitaka kumtoka. Baba mdogo alijaribu utepe wa mafundi umeme, ukateleza. Likizo moja kijana alikwenda nalo nyumbani, na bibi akachana ukanda kwenye kaniki yake kuukuu, akauzungusha mpini mzima na kufunga mwishoni kwa fundo dogo. Kaniki ni kitambaa cheusi cha pamba ambacho bibi zetu hujifunga wakienda shambani. Waganga nao huivaa wakipiga ramli. Lakini hilo siku ile hakuna aliyelifikiria. Kijana alirudi akalishika rungu, akalizungusha hewani, akasema sasa limekaa.

Nilikuwepo siku aliyokufa. Ilikuwa mwezi wa nne, mchana, wanacheza na shule ya jirani, sisi watazamaji tumeketi kwenye matofali. Wingu lilitoka ziwani likiwa la buluu kama chubuko. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali. Ya pili tuliisikia kwenye matofali tuliyokalia. Refa alimgeukia baba mdogo, maana yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji na mwenye kuujua mchezo kuliko refa mwenyewe, na baba mdogo akanyoosha kidole kimoja. Mpira mmoja. Kijana alikuwa amebakiza nafasi moja ya kupiga, wenzake wawili wako vituoni wanasubiri kurudi. Mrushaji akainua mguu.

Mpira haukutoka mkononi mwake. Mwanga siukumbuki. Nakumbuka harufu ya waya ulioungua, na kwamba sote tulikuwa chini bila mtu kuamua kulala. Tukainuka mmoja mmoja, tukijipapasa. Yeye hakuinuka.

Tulimzika Kigongo. Wazee wa ukoo ule walisema aliyechukuliwa na radi haliliwi kama wengine, sauti zisipande, isije ikarudi. Kwa hiyo wanawake walikaa na vilio vyao kifuani. Bibi aliketi chini mbele ya nyumba, ncha ya khanga mdomoni, akiing'ata, na hakutoa sauti hata jeneza lilipopita mbele yake. Nimeshakwenda misiba mingi tangu hapo. Kimya kama kile sijakisikia tena.

Miaka ilipita, daraja likafunguliwa, na magari yakaanza kupita juu ya ziwa bila kusimama. Pale kwenye vivuko pakabaki vibanda vitupu na mbwa. Bibi alihamisha beseni lake kando ya barabara ya kijijini, akawa anawauzia majirani tu.

Ndipo alipojitokeza dairekta. Alikuwa kijana wa mjini aliyekwishatengeneza filamu mbili za mapenzi, mpole, mwenye adabu, na alikuwa amesikia habari za timu iliyopigwa na radi. Alimfuata baba mdogo nyumbani na kumwomba awe mshauri wa mchezo. Sijawahi kumwona baba mdogo na furaha ya namna ile. Alizunguka sebuleni akiwa amesimama, anaeleza kwa mikono. Maisha yake yote alikuwa anawapigia kelele watu wa mbali wasiomsikia, na sasa mmoja alikuja mpaka kwenye kochi lake kumsikiliza.

Aliwafundisha waigizaji mpaka mabega yao yakavimba. Hakuruhusu kiwiko kitangulie. Alirudisha glovu zilezile kuukuu, akapima uwanja kwa kamba, akakataa chokaa inyooke sana kwa sababu yetu haikuwahi kunyooka. Vijana walimwita mkoloni, wakicheka, lakini walijifunza. Nilipokwenda kuwaona jioni moja, mtu angeapa kwamba wamecheza mchezo huo tangu utotoni. Hata namna walivyotema mate ilikuwa ya wachezaji.

Siku ya rungu, dairekta alileta utepe mweusi kutoka dukani. Baba mdogo akasema hapana, ilikuwa kaniki. Dairekta akauliza nani aliifunga. Akaambiwa. Akauliza macho ya bibi huyo yakoje. Baba mdogo akamwambia ni mekundu, kwa moshi wa miaka yote ya kukaanga samaki. Aliniambia mazungumzo hayo yeye mwenyewe kwa fahari, kama mtu aliyepata mwanafunzi anayeuliza maswali mazuri.

Nami nilimuuliza swali moja, alipokuwa ameinama anapima umbali wa kituo cha kwanza. "Na kile kidole?"

Aliendelea kuvuta kamba. "Hicho si cha mchezo," alisema.

Filamu ilizinduliwa mjini, kwenye ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki, kofia na mashati ya heshima. Nilikaa pembeni yake. Kwenye skrini, bibi mwenye macho mekundu alichana kaniki ndani ya kibanda chenye giza, akanong'ona, akafunga fundo. Kijana alipolishika rungu, wingu likaanza kujikusanya. Hapakuwa na ngurumo ya kwanza wala ya pili. Hapakuwa na refa aliyegeuka. Kulikuwa na anga safi, wingu moja, na radi. Kisha msibani wote walilia isipokuwa bibi, aliyetazama jeneza likipita huku amebana khanga kwa meno, na kamera ikakaa usoni kwake mpaka ukumbi mzima ukaguna.

Nilimtazama baba mdogo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na macho yake hayakuwa kwenye uso wa mtu yeyote. Yalikuwa kwenye miguu ya mpigaji, kwenye mikono, kwenye begi la glovu lililosahaulika kona ya picha. Walipomwita mbele aseme machache, alisimama na koti lake la harusi akasema ametazama filamu za michezo tangu ujana wake, na hii ni ya kwanza ambayo hakuona kosa.

Nje, tukisubiri bodaboda, nilimwambia kwamba bibi amefanywa mchawi.

"Hiyo ni hadithi," alisema. "Watu wana akili. Wanajua hadithi ni ipi na mchezo ni upi."

Dairekta alikuwa amerekodi maneno yake ya ukumbini, akayaweka mwanzo kabisa, kabla ya picha ya kwanza. Kwa hiyo filamu ilipofika Kigongo ilifika na sauti ya mwalimu, mtu ambaye watu wa pale walimfahamu, aliyebeba jeneza begani, akisema hakuna kosa. Waliomkumbuka kijana akijifua likizoni wakaiona glovu, wakaitambua. Wakaona anavyokunja goti kabla ya kupiga, wakasema ni yeye kabisa. Halafu wakaiona kaniki.

Habari zilitufikia kupitia mwenyekiti wa kijiji. Alimpigia baba mdogo simu, akasalimia kwa kirefu, akauliza habari za watoto, mwishowe akasema kwamba mawe yanatupwa juu ya bati la bibi na kichanja chake cha kuanikia samaki kimeng'olewa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayechagua kila neno, kwamba yeye binafsi haamini mambo hayo, lakini kijiji hiki kina watu wengi na yeye ni mmoja.

Tulikwenda Jumapili iliyofuata. Bibi tulimkuta uani, amepika samaki wachache wa kula yeye mwenyewe. Alitukaribisha ndani, akaleta maji ya kunawa, akaomba radhi kwamba hakuna ugali wa kutosha. Hakuwa ameiona filamu. Alisema ameambiwa tu kwamba mjukuu wake anaonekana humo anapiga mpira, na akauliza, kwa aibu kidogo, kama kweli anafanana naye.

"Mama," baba mdogo alisema, "kuna kitu sijakwambia."

Akamweleza habari za ngurumo, za refa, na za kidole. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama somo. Bibi alimsikiliza huku akimtoa samaki miiba na kumwekea nyama mbele yake, kama anavyofanyiwa mgeni.

"Na aliupiga?" aliuliza mwishoni.

"Hapana, mama. Haukurushwa."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Hakumlaumu na hakumsamehe. Alinawa mikono, akasema kama ana maneno akawaambie na wale wa kijijini.

Mwenyekiti alikuwa ameomba banda la video lisimamishe filamu ya siku hiyo kwa muda. Ndani palikuwa na joto na harufu ya karanga. Walikuwepo wavuvi, vijana wa bodaboda, kina mama wachache mlangoni na watoto mgongoni. Baba mdogo alisimama mbele ya televisheni iliyozimwa. Akawaambia kwamba filamu ile ina uongo. Akawaambia radi haikutoka kwenye anga safi, kwamba ngurumo ilisikika mapema na refa alitaka kusimamisha mchezo, na yeye, kwa mkono wake huu, aliomba mpira mmoja zaidi. "Kama mnatafuta aliyemuua kijana yule," alisema, "nimesimama hapa."

Hapakuwa na kelele. Nilitamani ziwepo. Mvuvi mmoja wa makamo, mwenye sweta, aliinuka kwa heshima akamwamkia kabla ya kusema.

"Mwalimu, hatukulaumu. Ngurumo hata sisi huku tunazisikia, na tunaendelea kuvua. Mlikuwa wangapi uwanjani?"

"Wengi."

"Na iliwaangusha wote, ikawaacha wote, ikamchukua yeye. Kwa nini yeye?"

Baba mdogo alianza kueleza habari za alumini, za kitu kirefu kinachoinuliwa juu mahali pa wazi. Walimsikiliza. Wengi wao walikuwa wamesoma hayo shuleni. Radi inapiga chuma, hilo hawakulikataa. Walichotaka kujua ni nani aliyeituma.

"Lakini wewe mwenyewe umesema haina kosa," alisema mwanamke mmoja mlangoni. "Tumekusikia."

"Nilisema mchezo. Mchezo hauna kosa."

"Sawa. Sisi mchezo hatuujui." Alimpandisha mtoto mgongoni akakaza mbeleko. "Kile kitambaa cheusi ni cha mchezo au cha hadithi?"

Baba mdogo aligeuka akaitazama televisheni iliyozimwa.

"Kilikuwepo kwenye rungu siku ile au hakikuwepo, mwalimu?"

Angeweza kusema hapana. Nilimwombea aseme hapana. Neno moja la uongo mbele ya watu wale lingefanya kazi ambayo ukweli wake wote ulishindwa. Lakini mtu yule hakuwahi kudanganya kuhusu rungu maishani mwake.

"Kilikuwepo," alisema.

"Na nani alikifunga?"

"Bibi yake. Kwa sababu ya jasho. Viganja vyake vilikuwa..."

Hawakumzomea. Waliguna tu, mguno mfupi wa watu waliokwishajua, na mwenye banda akauliza kwa upole kama sasa anaweza kuwasha, maana kuna waliolipa.

Mwenyekiti alitusindikiza mpaka kwa bibi. Njiani alisema ingefaa mama apumzike mahali pengine kidogo, mpaka maneno yapoe. Hakusema mpaka lini. Baba mdogo akasema atakaa kwake Nyakato, chumba kipo. Bibi aliposikia hakubisha. Alikunja godoro, akafunga vyombo vyake kwenye shuka, akawatoa kuku wawili bandani na kuwafunga miguu. Yote hayo aliyafanya bila haraka, kama anayekwenda kulala msibani kwa jirani. Kaburi la mjukuu lilikuwa nyuma ya nyumba. Alikwenda huko peke yake na sisi tukabaki mbele, baba mdogo akiwa amesimama na beseni la samaki mikononi, hajui aliweke wapi.

Dereva wa bajaji alikuwa ameshapiga honi bibi alipokumbuka ufunguo. Jirani yake, mwanamke wa umri wake, alikuwa amesimama mlangoni kwake anatutazama. Walizaliwa upande mmoja wa ziwa, wameolewa mwaka mmoja, na bibi alikuwa amenieleza wakati anafunga vyombo kwamba huyo ndiye aliyemkata kitovu marehemu. Bibi alimwendea na ufunguo.

"Nitazamie nyumba," alimwambia.

Jirani aliuangalia ule mkono. Nadhani alitaka kuupokea, nadhani kweli alitaka. Mikono yake ikabaki nyuma ya mgongo.

"Uweke tu hapo chini, dada," alisema. "Nitauokota."

Bibi akainama, taratibu, mkono mmoja gotini, akauweka ufunguo juu ya udongo kati yao. Akaja akapanda bajaji. Tulipofika kwenye mteremko niligeuka nyuma. Jirani alikuwa bado amesimama palepale, na ufunguo bado uko chini.